Namna ya Kuanzisha na Kulea Jumuiya ya Mtandaoni ya Wahudumu wa Afya

Kabla ya kuchagua programu ya mawasiliano, andika kwa sentensi moja kazi itakayowakutanisha wanajumuiya. Jean Lave na Etienne Wenger, walioieleza mwaka 1991 dhana ya jumuiya ya utendaji, yaani kundi la watu wanaojifunza pamoja kupitia kazi wanayoshiriki, waliijenga kwa kuangalia jinsi wanagenzi, wakiwamo wakunga na mafundi cherehani, wanavyojifunza kwa kushiriki katika kazi yenyewe. Kwa hiyo "wauguzi wote" ni hadhira tu, ilhali wauguzi wanaohudumia vidonda vya wagonjwa wa kisukari wana tatizo moja la kulijadili kila wiki.

Kinachoihuisha jumuiya ya namna hii ni kisa cha mgonjwa, wala si wingi wa makala zinazosambazwa humo. Mwaka 2003, daktari bingwa wa ini Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha mpango wa ECHO, ambamo wahudumu wa vijijini na magerezani walijadiliana na mabingwa kwa video kuhusu wagonjwa wao wa homa ya ini aina ya C. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa waliotibiwa na wahudumu hao walipona kwa kiwango kinacholingana na cha wale waliotibiwa katika kliniki ya chuo. Mhudumu hakumkabidhi bingwa mgonjwa wake. Alibaki naye, akatekeleza ushauri, kisha akarudi kueleza yaliyotokea.

Utaratibu huo unafaa kuigwa. Mleta kisa aeleze umri wa kukadiria, malalamiko, matokeo ya vipimo na hatua alizokwisha kuchukua, kisha aulize swali moja linalojibika. Mwezeshaji naye aandike kwenye kalenda yake siku ya kumkumbusha alete mrejesho, kwa sababu ushauri usio na mrejesho haumfundishi hata aliyeutoa. Mgonjwa wa dharura hajadiliwi hapo: mhudumu amwite mwenzake aliye karibu au atoe rufaa mara moja.

Usiri unahitaji uangalifu kuliko wengi wanavyodhani, maana kufuta jina hakutoshi. Ugonjwa adimu ukitajwa pamoja na tarehe ya kulazwa na wodi, jirani wa mgonjwa atamtambua bila shida. Picha inaweza kumfichua mgonjwa kwa kovu, kwa chale, kwa karatasi iliyobandikwa kitandani, na hata kwa taarifa za mahali na saa zilizofichika ndani ya faili la picha yenyewe. Omba ridhaa ya mgonjwa, kata picha ibaki sehemu inayohitajika tu, na uzingatie sheria za nchi na kanuni za kituo chako.

Wanajumuiya wengi watasoma bila kuandika neno, na hilo lisikutie hofu. Ndivyo mwanagenzi anavyoanza, kwa kutazama. Kinachostahili kukutia hofu ni muuguzi aliyeona dozi iliyokosewa akanyamaza kwa kuwa aliyeiandika ni daktari mkuu. Kanuni ya kuheshimiana haimalizi tatizo hili. Dawa yake, kwa maoni yangu, ni kuwaomba wakubwa wenyewe watangulie kusimulia visa walivyokosea, na kuzoesha kila anayesahihisha ataje mwongozo wa matibabu na mwaka wake, ili mjadala uelekee kwenye ushahidi badala ya cheo.

Mazungumzo ya kutiana moyo baada ya zamu ngumu au kifo cha mgonjwa yapewe chumba chake, chenye watu wachache waliochagua wenyewe kuingia. Waelezwe mapema kwamba maandishi yao yanaweza kuhitajika katika uchunguzi. Hivyo tukio la kimatibabu liripotiwe kwa njia rasmi, na chumba kibaki cha kusema lilivyomgusa mhudumu. Anayeonyesha dalili za kukata tamaa atafutwe faraghani siku hiyohiyo na aunganishwe na mtaalamu wa afya ya akili.

Kila baada ya miezi sita waulize wanajumuiya ni jambo gani wamelibadilisha kazini kutokana na mijadala. Wakikosa la kutaja mara mbili mfululizo, badilisheni kazi inayowakutanisha, au hifadhini muhtasari wa visa na kuifunga jumuiya kwa tangazo la wazi.