Somo: Kukagua nukuu za waasisi wa Marekani kuhusu bunduki

Ndugu yangu anayeishi Marekani alinitumia picha ya George Washington yenye maandishi ya dhahabu: silaha zinafuata Katiba kwa umuhimu, nazo ni "meno ya uhuru" wa Wamarekani. Nusura niipeleke darasani. Kilichonizuia ni kwamba chini ya jina hapakuwa na tarehe, barua wala hotuba. Nikatafuta. Washington hakuyasema.

Hatua ya 1. Dai kuonyeshwa asili ya nukuu. Aliandikiwa nani, au alisema wapi, mwaka gani? Picha na jina si ushahidi.

Hatua ya 2. Ingia Founders Online, tovuti ya bure ya Hifadhi ya Taifa ya Marekani, yenye maandishi ya waasisi kama Washington, Thomas Jefferson, James Madison na wenzao. Chukua maneno matatu au manne ya Kiingereza yasiyo ya kawaida, yafungie kwenye alama za kunukuu, tafuta. Usibandike sentensi nzima, maana tahajia ya karne ya 18 inaweza kukupoteza. Ukikosa, jaribu maneno mengine kabla ya kuhukumu.

Hatua ya 3. Soma kilichotangulia na kinachofuata. Hapa usiwe na haraka. Tarehe 8 Januari 1790 Washington aliliambia Bunge kwamba watu huru wanapaswa kuwa na silaha na pia nidhamu. Hayo ni yake. Nukuu inayosambazwa imebandikwa mkia: wawe na risasi za kutosha kujikinga hata na serikali yao. Kwenye hotuba mkia huo haumo. Anachoendelea nacho ni mpango mmoja wa kuwaandaa watu, na viwanda vya ndani ili nchi isitegemee wengine kwa vifaa vya kijeshi.

Jefferson naye aliandika katika rasimu ya katiba ya Virginia, 1776, kwamba hakuna mtu huru atakayezuiwa kutumia silaha. Rasimu iliyofuata ikaongeza, ndani ya mabano, "katika ardhi au makazi yake". Sentensi ya kujilinda dhidi ya udhalimu wa serikali, inayounganishwa nayo, si yake. Wanaotunza nyumba yake ya Monticello wameiorodhesha kuwa ya kubuni. Nukuu za namna hii zinaniuma kuliko uongo mtupu, kwa sababu ukikagua nusu ya kwanza unaikuta kweli, unaridhika, unaacha.

Hatua ya 4. Tenganisha mwandishi na mnakili. Maneno kwamba sheria za kukataza kubeba silaha huwanyang'anya wasio wahalifu ni ya Mwitaliano Cesare Beccaria, 1764. Jefferson aliyanakili kwenye daftari lake, tena kwa Kiitaliano.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Na ile ya Admirali Yamamoto wa Japani, wa Vita vya Pili vya Dunia, kwamba Marekani haivamiki kwa kuwa kuna bunduki nyuma ya kila jani la nyasi?
Jibu: Marahaba. Hakuna aliyeonyesha barua au hotuba yake yenye maneno hayo. Usiitumie.

Swali: Hitler alijisifu mwaka 1935 kwamba amesajili bunduki zote. Kweli?
Jibu: Ni ya kubuni. Sheria ya vibali vya bunduki Ujerumani ilipitishwa 1928, kabla hajashika madaraka. Lakini usivuke upande wa pili ukasema Wanazi hawakumnyang'anya mtu silaha: Novemba 1938 Wayahudi walikatazwa kabisa kuwa nazo.

Swali: Basi watetezi wa bunduki hawana hoja?
Jibu: Wanayo, ndugu. Marekebisho ya Pili ya Katiba yapo tangu 1791, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema yanalinda haki ya mtu binafsi ya kuwa na silaha. Ubishane nao kwa hayo waliyo nayo.

Swali: Nimeshaituma ya "meno ya uhuru" kwenye kundi la ukoo. Niifute?
Jibu: Ukifuta kimya kimya, dada, walioisoma watabaki nayo. Jibu ujumbe wako mwenyewe, sema ulikosea, uweke hotuba ya 1790 nzima. Ni fupi, wataimaliza.