Umeshasaini nyumba na wenzako wa chuo afu hutaki tena kuhamia? Toka hivi

Kila mwaka ikifika mwezi wa tisa, wa kumi, mambo ni yaleyale. Watu wanne wamekubaliana kwenye grupu la WhatsApp wapange nyumba Changanyikeni au Savei au Makongo, huku karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), dalali kawazungusha kutwa nzima juani, jioni wamechoka wamesaini, afu wiki mbili mbele mmoja anapata chumba hosteli, au kapangiwa chuo Dodoma, au jina halipo kwenye mkopo, au mzee kasema tu hapana, utakaa kwa shangazi yako Tabata. Hujalala pale hata siku moja na tayari nyumba ina jina lako. Mimi yalinikuta nikiwa mwaka wa pili, nikatoka na hela yangu karibu yote, ila kuna sehemu mbili niliharibu na nitazisema.

Kwanza hesabu, maana wengine wanasema "potelea mbali" bila kupiga hesabu. Nyumba yetu ilikuwa laki nne kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita, hiyo ni milioni mbili na laki nne, ukigawa kwa wanne ni laki sita kila mtu, juu yake dalali na mwezi wake mmoja, yani laki moja kila kichwa. Kama unategemea boom, yani ile hela ya mkopo wa wanafunzi, hela ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo laki sita ni siku 60 za kula. Hiyo sio hela ya kuacha ipotee kwa sababu unaona aibu kupiga simu.

Haya, kabla hujampigia mtu yeyote, tafuta mkataba wako uusome. Najua hukuusoma, sisi pia hatukuusoma. Mingi ni ile ya steshenari, kurasa mbili, vidoti vya kujazia majina, chini muhuri wa serikali ya mtaa. Angalia sehemu ya mpangaji imeandikwaje, hapo ndio roho ya jambo lenyewe ilipo. Kama majina yenu manne yako kwenye mkataba mmoja na kodi imeandikwa moja, milioni mbili na laki nne, basi kwa mwenye nyumba nyinyi ni mtu mmoja mwenye vichwa vinne. Yeye hajui habari za "mimi share yangu". Mmoja akichomoka, wale watatu ndio wanabanwa wafidie, na kukiwa na maneno kama "kwa pamoja na kila mmoja peke yake" ndio kabisa, anaweza kumfuata yeyote kati yenu amdai yote.

Kama aliyesaini ni mmoja wenu tu kwa niaba ya wote, hapo mwenye nyumba hana mkataba na wewe, una deni na rafiki yako. Kisheria umepona kidogo, kirafiki uko pabaya zaidi, maana yeye ndiye atakayeamshwa asubuhi. Na kama kila mtu ana mkataba wake wa chumba chake, umebahatika, hao wengine hawakuhusu, maliza na mwenye nyumba mwenyewe.

Ukiwa hujasaini kabisa, umetoa tu kishika nafasi, piga simu leo hii. Sio kesho. Kishika nafasi mara nyingi hakina karatasi, ni elfu hamsini au laki uliyomtumia dalali kwenye simu, na kinarudi au hakirudi kulingana na mlivyoongea siku ile na nyumba imekaa muda gani bila kuoneshwa watu wengine. Usisumbuke nacho sana. Kukikubaliwa nusu, chukua nusu uondoke.

Wenye kesi ngumu ni waliosaini na kulipa, kwa hiyo nabaki hapo.

Kosa langu la kwanza: nilimpigia mama mwenye nyumba kabla ya kuwaambia wenzangu. Niliona nikimaliza na mkubwa, wadogo watafuata. Mama akawapigia wao akiuliza "mbona mwenzenu anasema haji, nyumba mnaitaka au hamuitaki?" Grupu lilichafuka usiku ule, nikaitwa kila jina, na haki yao, maana walijua kupitia kwa mtu mwingine. Anza na wenzako. Na usianze kwa voisi ya dakika nne ya kujieleza, nenda ukae nao, sema sababu kwa ufupi, sema na hili: "siwaachii pengo, natafuta mtu wa kuingia nafasi yangu na nyie ndio mtamkubali au kumkataa." Wao ndio wataishi naye, atakayepika saa saba usiku na atakayeacha bomba wazi ni shida yao sio yako, kwa hiyo wape kura.

Maana njia inayofanya kazi ni hiyo moja, kuleta mtu. Samahani haimsaidii mwenye nyumba kitu, na kumwambia akurudishie hela ndio kabisa usiote, ile hela ishalipa ada ya mtoto, ishanunua saruji, haipo. Ila ukimpelekea mpangaji mwingine mkononi, yeye hapotezi hata shilingi na anakuwa hana sababu ya kukukatalia zaidi ya ubishi tu.

Wapi pa kumpata? Siku ileile wewe umeona jina lako kwenye orodha ya hosteli, kuna mtu kaikosa orodha hiyohiyo na anahema. UDSM hata baada ya zile hosteli za Magufuli kufunguliwa 2017, zenye nafasi za wanafunzi 3,840, bado kila mwaka kuna umati unabaki nje. Kwa hiyo weka tangazo siku hiyo, kwenye magrupu ya kozi, ya mwaka wa kwanza, ya watu wa shule uliyosoma fomu six, na ubao wa matangazo usiudharau. Andika bei ya kichwa, miezi mingapi, umbali wa kutembea mpaka geti, maji ni ya bomba la DAWASA au ya boza, na kama ni nyumba ya wa kike au wa kiume, kwa sababu wenye nyumba wengi hawataki mchanganyiko na utapoteza siku tatu kuongea na mtu ambaye hawezi kukubaliwa. Fanya kabla vyuo havijafunguliwa. Vikishafunguliwa watu wanakuwa wameshajibana mahali, na wewe unakuwa unauza embe baada ya msimu.

Ukimpata na wenzako wamemkubali, ndio unamwendea mwenye nyumba. Mimi nilituma ujumbe kwanza afu nikapiga, kwa sababu ujumbe unabaki. Ulikuwa hivi:

"Shikamoo mama. Mimi ni mmoja wa wale wanafunzi wanne tuliosaini nyumba yako tarehe 14. Nimepata chumba chuoni kwa hiyo sitaweza kuhamia. Kodi yako haitapungua na sidai urudishe kitu. Nimempata mwanafunzi mwenzetu atakayechukua nafasi yangu na wenzangu wamemkubali. Naomba tuje naye Jumamosi umuone, na kama utaridhika tubadilishe jina kwenye mkataba. Asante mama."

Ona nilichokitanguliza, kodi yako haitapungua. Ukianza na "nina matatizo" atasikia "nataka hela" na hatakusikiliza tena.

Hela ipite wapi: aliyekuja akulipe wewe moja kwa moja, isipite kwa mwenye nyumba wala kwa dalali. Ila asikulipe kabla mwenye nyumba hajamkubali kwa mdomo wake, hata ungekuwa na haraka kiasi gani, maana akikataliwa unakuwa wewe ndio tapeli. Tulifanya siku moja, sebuleni kwa mama, wote sita tumekaa, jamaa akanitumia laki sita kwenye simu, ujumbe ukaingia, ndio tukashika kalamu. Ile laki ya dalali nilimwachia, sikutaka kumkaba mtu ambaye kaniokoa. Wewe unaweza kuomba mgawane, sio dhambi.

Sasa kosa langu la pili. Tulibadilisha jina kwenye nakala moja tu, ile waliyobaki nayo wenzangu. Ya mama ilikuwa chumbani, akasema ataibadilisha, tukaamini. Mwezi wa pili napokea simu ya deni la maji la nyumba ambayo sijawahi kuoga hata mara moja! Kwenye karatasi yake mimi bado nilikuwa mpangaji na namba yangu ndio ilikuwa ya kwanza. Kwa hiyo nakala zote ziwepo mezani. Andikeni kipande kifupi kwamba fulani anatoka kuanzia tarehe hii, hadaiwi kitu na hadai kitu, fulani anaingia badala yake kwa masharti yaleyale, mwenye nyumba asaini, wewe, anayeingia na wale watatu. Kama mkataba ulipita kwa mjumbe au serikali ya mtaa, na hicho kipande kipite hukohuko kigongwe muhuri. Piga picha kila ukurasa.

Dalali naye, hela yake ilishaliwa, mkataba wenu na yeye uliisha siku aliyowaonesha nyumba mkaichukua. Nilichofanya ni kumwambia aniletee mtu bila kudai tena, akaleta wawili, mmoja alikuwa hafai. Jaribu, wengine wana utu.

Kuna hali moja ambayo ni tofauti na hapo usiombe, dai. Ni pale ulipodanganywa. Waliwaambia maji yapo kumbe bomba kavu tangu Pasaka, Luku ni yenu peke yenu kumbe mita moja na nyumba ya mbele, au aliyesaini kama mwenye nyumba ni mpangaji mwenzenu tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamruhusu aliyeingizwa kwenye mkataba kwa udanganyifu kuukataa. Muwe wanne mkiongea, pigeni picha, rudini kwenye chati za dalali mtafute pale alipoandika "maji ya uhakika". Na kama mmeuziwa nyumba hewa, hiyo ni jinai, nendeni polisi na namba zilizopokea hela. Kesi ya kawaida ya kubadili mawazo haina polisi, mtu akikutishia kukuweka ndani kwa sababu hutaki kuhamia, anakutisha tu.

Vipi mwenye nyumba akikataa kila mtu unayemleta? Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, mengi yanaishia pale kwa chai. Mkumbushe mwenye nyumba pia taratibu kwamba kwenye Sheria hiyohiyo ya Mikataba, kifungu cha 73, anayevunja mkataba analipa hasara iliyotokea kweli, na inaangaliwa kama mwenzake alikuwa na njia ya kuipunguza, sasa mtu aliyeletewa mpangaji mwenye hela mkononi akamkataa bila sababu atasema hasara yake ni ipi? Ikigoma kabisa, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanatoa msaada wa sheria bure kwa wasio na uwezo, na mgogoro wa pango unapelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa laki sita mimi binafsi nisingefika huko, ningepunguza bei ya nafasi yangu mpaka laki nne na nusu nimpate mtu ambaye hata mwenye nyumba mbishi atampenda.

Mwisho kabisa, funguo. Usimwachie dalali, usiweke chini ya zulia. Mpe anayeingia mkononi, wenzako wakiona, afu ndio utoke kwenye grupu la nyumba.