Namna ya Kusoma Msitu wa Misonobari Uliokatwa na Kunyimwa Moto

Mgeni anayeingia katika misitu ya misonobari aina ya ponderosa inayouzunguka mji wa Flagstaff, kaskazini mwa Arizona nchini Marekani, huikuta miti imebanana hata jua halifiki chini, akadhani huo ndio msitu wa asili usioguswa. Mara nyingi ni kinyume chake. Msongamano huo umetokana na uvunaji wa magogo, ulioshika kasi reli ilipofika mwaka 1882, na kukoma kwa moto. Na athari za yote mawili huonekana kwa macho, ukijua pa kutazama.

Chukua kamba ya mita 17 na sentimita 84. Mtu mmoja aishike ncha moja katikati, mwingine azunguke na ncha ya pili. Duara hilo ni sehemu ya kumi ya hekta, hivyo kila utakachohesabu ndani yake utakizidisha kwa 10. Pima maduara matano au zaidi, wala usichague mahali kwa sababu pamekupendeza.

Anza na visiki, maana ndivyo vyenye maneno mengi. Kisiki cha kale hakina gome wala mbao laini ya nje. Kimebaki kiini cha kijivu kilichojaa utomvu, na mara nyingi ni kipana kuliko mti wowote uliosimama karibu nacho. Ukijumlisha visiki hivyo na miti mizee iliyosalia, unakaribia idadi ya miti mikubwa iliyokuwapo kabla ya misumeno. Inama sasa uutazame upande unaoelekea mlimani: ukiona kovu jeusi la pembetatu lenye mikunjo iliyopandana, kila mkunjo ni moto mmoja ambao mti uliunguzwa nao ukapona. Moto huo, uliowashwa hasa na radi, ulitambaa kwenye nyasi kila baada ya miaka 2 hadi 20 hivi. Jambo ambalo wengi hulipita ni kwamba kisiki chenyewe bado kipo. Kipande kikavu chenye utomvu namna hiyo kingekwisha kuwa majivu kama moto ungeendelea kupita. Kwa hiyo kisiki cha miaka 100 kinashuhudia mambo mawili kwa pamoja, msumeno uliokuja na moto uliotoweka.

Kisha itenganishe miti iliyosimama. Msonobari mchanga una gome jeusi. Ukifika miaka 100 hadi 150 hivi, gome hugeuka la rangi ya machungwa, lenye vibamba vipana, na ukilisogezea pua siku ya jua hunukia kama vanila. Usikadirie umri kwa unene peke yake. Mwaka 1919, baada ya mbegu nyingi za mwaka uliotangulia kupata unyevu wa kutosha, miche iliota kwa wingi usio wa kawaida, wakati mifugo ilikuwa imekwisha kula nyasi zilizobeba moto na serikali ikiuzima uliobaki. Kuanzia 1935 amri ikawa kila moto udhibitiwe kabla ya saa 4 asubuhi ya siku inayofuata. Ndiyo maana mti usiozidi unene wa paja unaweza kuwa na umri wa karne nzima.

Ili kujua kipi kilifanya nini, linganisha maduara yenye visiki na yasiyo navyo. Huko Fort Valley karibu na Flagstaff, kituo cha utafiti wa misitu kilichoanzishwa mwaka 1908, lipo eneo lililohifadhiwa lisivunwe. Moto wa mwisho ulipita hapo mwaka 1876, hekta moja ikiwa na miti kama 60. Kufikia 1992 ilizidi 3,000. (Paina zilizopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni 1,111 tu kwa hekta.) Kwa maoni yangu takwimu hiyo inaupunguzia msumeno lawama, lakini haiufutii: ulipopita, uliondoa miti yenye gome nene iliyoweza kuhimili moto, ukaiachia nafasi ile isiyoweza.

Mwisho pima mambo mawili. Chomeka kisu kwenye rundo la sindano shinani mwa mti mzee: rundo nene huungua polepole kwa saa nyingi na kuua mizizi, na ndiyo sababu mafundi hulikwangua kwa reki kabla ya kuchoma msitu kwa makusudi. Kisha pima urefu kutoka ardhini hadi matawi ya chini ya miti michanga, kwa kuwa hayo ndiyo ngazi inayopandisha moto vileleni.

Usiihamishe hesabu hii hadi Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyo kaskazini zaidi nchini Marekani. Huko msonobari wa aina ya lodgepole huota kwa kubanana tangu zamani, baadhi ya koni zake (vifuko vigumu vya mbegu) zimefungwa kwa utomvu hadi joto la moto lizifungue, na moto mkubwa kama ule wa 1988 ni sehemu ya mwendo wake wa kawaida.