Kazi ikigeuka kifungo Iowa: jinsi ya kutoka bila kuharibu kesi yako

Ukiona kazi imegeuka kifungo, usianze kwa kumwambia msimamizi kwamba unaondoka. Hapo ndipo kesi nyingi huharibika. Jioni ile ile simu inachukuliwa, karatasi zinapotea, na wenzako ambao wangekuwa mashahidi wanapelekwa kufanya kazi jimbo jingine. Kwanza kusanya ushahidi, pili zungumza na mtu aliye nje, tatu ondoka. Utaratibu huu una hali moja tu isiyoufuata: ukipigwa, ukifungiwa ndani au mtoto akiwa hatarini, piga 911 papo hapo.

Maelezo haya ni ya wasemaji wa Kiswahili walioko Iowa, hasa Wakongo na Warundi wa viwanda vya nyama na usafi wa usiku, katika miji kama Waterloo, Cedar Rapids na Des Moines. Ni ya ndugu zao pia, wazee wa kanisa na majirani, kwa sababu mara nyingi wao ndio huona kwanza.

Kuitambua kazi ya kulazimishwa

Sheria ya shirikisho ya kazi za kulazimishwa haisubiri mtu afungwe kamba. Inatosha wakala au mwajiri akushikilie kazini kwa kukutishia madhara makubwa, yawe ya mwili, ya fedha au ya kuchafuliwa jina, au kwa kuwatishia watu wako, au kwa kutumia polisi na uhamiaji kama fimbo. Adhabu yake hufika miaka 20 jela. Kumzuilia mtu pasipoti ili asiondoke ni kosa linalojitegemea, hadi miaka 5. Mtu akikuambia anakutunzia tu, iombe. Akikataa au akizungusha maneno, andika tarehe, saa na jibu lake. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 anayeuzwa kingono, sheria haidai kuthibitisha nguvu wala vitisho.

Angalia deni kuliko kitu kingine chochote. Anayekuleta anaweza kuwa mjomba, pasta au mtu wa kijijini kwenu, na ndiyo maana mtu huona aibu kuhesabu. Hesabu. Andika nilidaiwa kiasi gani, nimeshalipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Deni lisilopungua baada ya miezi sita ya kazi, au linaloongezeka kila ukiugua, ni dalili mbaya. Mkimbizi ajue hili pia: mkopo wa tiketi ya ndege wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, hauna riba na haumhusu mwajiri hata kidogo. Anayekukata mshahara kwa jina la deni hilo, mwombe karatasi.

Kisa kibaya kinachojulikana Iowa hakikufichwa porini. Huko Atalissa, mji mdogo sana mashariki mwa jimbo, wanaume wenye ulemavu wa kiakili waliishi katika jengo la shule ya zamani na kufanya kazi ya bata mzinga katika kiwanda cha West Liberty, mji wa jirani. Maafisa walipowatoa mwaka 2009, kila mmoja alikuwa akibaki na dola 65 hivi kwa mwezi baada ya makato ya malazi na matunzo. Watu wa mji walikuwa wakiwaona kanisani miaka yote hiyo. Mwaka 2013 juri ya Davenport iliwapa wanaume 32 dola milioni 240, kisha kikomo cha sheria kikashusha kiasi hicho hadi milioni 1.6. Kesi hiyo ilipita mlango wa ubaguzi dhidi ya walemavu, na madai ya mishahara yakawa na hukumu yake. Kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa hali yako haifiki kuitwa usafirishaji haramu wa watu. Milango ni mingi, na mlango wa mshahara mara nyingi ndio mwepesi kufunguka.

Daftari na hesabu

Tumia daftari dogo la karatasi, si simu peke yake, kwa maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Kila siku andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, jina la msimamizi, namba ya gari lililowabeba na kila makato: nyumba, usafiri, glavu, visu, buti. Piga picha karatasi za mshahara, mkataba, I-94 (hati ya kuingia nchini) na kadi ya hifadhi ya jamii (Social Security). Usifute ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa aliyekuahidi kazi; ahadi ya mwanzo ikilinganishwa na malipo halisi hudhihirisha udanganyifu. Vyote vitumie mtu asiyeishi nyumba hiyo. Iowa inaruhusu kurekodi mazungumzo ambayo wewe mwenyewe umo. Usichukue karatasi za ofisini zisizo zako, maana watakugeuzia kibao na kukuita mwizi.

Sasa hesabu. Kiwandani, saa zinazozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Tuseme unalipwa dola 18 kwa saa na umefanya saa 55. Saa 40 ni dola 720. Saa 15 za ziada kwa dola 27 ni 405. Jumla ni 1,125. Wakala akikulipa 55 mara 18, yaani 990, amekula dola 135 wiki hiyo, na kwa mwaka mzima ni 7,020. Kazi za shambani hazina haki hii ya saa za ziada katika sheria ya shirikisho, lakini usafi wa kiwanda cha nyama usiku si kilimo, hata wakala akiuita hivyo. Kima cha chini Iowa ni dola 7.25, na makato ya vifaa vya kazi hayaruhusiwi kukushusha chini yake wala kugusa malipo ya saa za ziada.

Muda wa kudai mshahara ni miaka 2, au 3 mwajiri akiwa amekusudia. Kila wiki unayosubiri, wiki moja ya zamani inatoka nje ya dai. Ukiumia kazini, toa taarifa kwa mwajiri ndani ya siku 90, kwa maandishi, na baki na nakala.

Kupiga simu

Namba ya taifa ya waathirika wa usafirishaji haramu wa watu ni 1-888-373-7888, bure, usiku na mchana. Sema neno moja tu, Swahili, kisha subiri bila kukata. Kimya hicho ni cha kumtafuta mkalimani. Si polisi, na huhitaji kutaja jina lako, ila habari za mtoto anayeumizwa wana wajibu kuzifikisha mbele. Piga kwa simu ya mtu mwingine, ya maktaba au ya kliniki. Kwa malipo pekee, Idara ya Kazi ya shirikisho ni 1-866-487-9243; nayo huficha jina la mlalamikaji, na haki ya mshahara haitegemei karatasi za uhamiaji.

Vijijini, shida kubwa ni kusema uko wapi. Barabara za mashamba Iowa nyingi zina namba badala ya majina, na nyumba inaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka kwa jirani. Kabla hujahitaji msaada, nakili namba ya barabara na namba iliyo kwenye sanduku la barua, na jina la kaunti. Jimbo lina kaunti 99, kila moja na sherifu wake, na miji yenye majina yanayofanana hupotosha.

Mfuko wa kuondokea uwe mwepesi: vitambulisho, dawa, vyeti vya watoto, daftari, fedha kidogo. Ukionekana unabeba masanduku, umeshajulikana.

Mlango upi ni wako

Kama ulikuja kwa mpango wa wakimbizi, tayari una ruhusa ya kuishi na kufanya kazi. Kudai mshahara wako si kosa, na wakala anayekutishia kwamba atakurudisha Kongo hana uwezo huo. Usikubali akuombee viza usiyoihitaji. Unachohitaji ni dai la mshahara na, kama kuna vitisho, mashtaka ya jinai.

Kama uliletwa kwa viza ya kazi au huna karatasi, ipo viza ya T, ya waathirika wa usafirishaji haramu wa watu, inayoombwa kwa fomu I-914, bila ada. Lazima uonyeshe kwamba uliletwa au ulishikiliwa kwa nguvu, ulaghai au shuruti ili ufanye kazi, kwamba uko Marekani kwa sababu hiyo, kwamba umeshirikiana na vyombo vya sheria katika maombi yao yaliyo ya busara, na kwamba kuondolewa kungekuumiza vibaya sana. Walio chini ya miaka 18 na walioathirika sana kisaikolojia wanaweza kusamehewa sharti la kushirikiana. Barua ya polisi husaidia lakini si ya lazima. Viza hutolewa kwa miaka 4, pamoja na ruhusa ya kazi, na mke, mume na watoto wanaweza kuombewa. Idadi ya mwaka haizidi 5,000.

Kosa linalowaponza wengi ni kurudi nyumbani kwanza ili kupumzika. Ukishatoka Marekani, sharti la kuwepo nchini linakuwa gumu mno kutimiza. La pili ni kujazisha fomu kwa mthibitishaji wa hati (notary). Marekani mtu huyo hushuhudia sahihi tu, si wakili. Iowa Legal Aid hufanya kazi bure katika kaunti zote, na sheria inaruhusu ofisi za namna hiyo kumhudumia mwathirika wa usafirishaji haramu hata asiye na karatasi. Usiende peke yako ofisi ya uhamiaji kueleza kisa kabla ya kumwona wakili.

Kwa anayesindikiza

Mzee wa kanisa, jirani, shemeji: kazi yako ni gari, chakula na kutunza mtoto wakati wa miadi. Usimhoji mwathirika mara tatu nyumbani, maana kila simulizi hutofautiana kidogo, na mwanasheria wa upande wa pili huzitafuta tofauti hizo. Usimkabili wakala, hata kama mnasali pamoja. Dai mkalimani wa ofisi, na taja Kiswahili cha wapi, kwa sababu mtu wa Uvira na mkalimani wa Mombasa wanaweza kupishana kwenye maneno ya deni na mkopo. Na yeyote anayelala nyumba moja na wakala, hata akiwa mke wa mwathirika mwenyewe, abaki nje ya chumba siku ya mahojiano ya kwanza.