Umenyimwa ruzuku ya serikali? Haya kwanza, kabla ya mahakama

Kuzungushwa kwa ajili ya posho ya uzee au ruzuku ya ulemavu kunachosha, na hasira ikipanda mtu hutaka kushtaki kesho yake. Shtaki, ila jipange.

Kitambulisho na nakala za nyaraka zote, hilo halina mjadala. Orijino usiiache dirishani. Masharti yasome mwenyewe, usiyasikilize kwenye foleni.

Sasa hili lishike: ukikataliwa, ukataliwe kwa maandishi. Jirani yangu mmoja alikuwa akimwombea mwanawe mlemavu ruzuku. Leo ataambiwa mtandao uko chini, akirudi alama za vidole zimegoma, akirudi tena fomu imebadilishwa. Hapana kamili hakuambiwa na mtu. Alipomfikia wakili wa msaada wa kisheria, akaulizwa: uamuzi unaoupinga uko wapi? Haukuwapo. Kwenye kumbukumbu za ofisi ile, mama huyu hakuwahi kuomba chochote. Ikabidi waandike barua ya maombi upya, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe. Miezi yote ya nyuma ikawa haihesabiki.

Kwa hiyo karani akikurudisha kwa mdomo, peleka barua ya kuomba sababu, na nakala yako igongwe muhuri. Kenya, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2015 kuhusu haki katika maamuzi ya kiutawala: ofisi ikiombwa sababu ikanyamaza, mahakama huchukulia kwamba haikuwa na sababu ya msingi, hadi ithibitishe vingine. Lakini uonyeshe kwamba uliomba.

Rufaa ya ndani, yaani ile ya ofisini kabla ya mahakama, imalize kwanza. Mahakama nyingi zitakurudisha huko huko. Siku za mwisho za kukata rufaa zihesabu mwenyewe.

Kisha angalia kama kikwazo ni chako peke yako. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria, Afrika Kusini, ilisema kuwalazimisha watu kuomba ruzuku ya SRD (msaada kwa wasio na kipato cha kutosha) mtandaoni tu kunawafungia nje wasio na vifaa wala intaneti. Serikali ikataka kukata rufaa. Kesi ile ilibebwa na mashirika, kwa hiyo tafuta wenzako.

Na usisaini usichokisoma. Laini ya simu uliyoijaza kwenye fomu usiitupe. Kishoka wa "kulisukuma faili" usimpe hela. Karani naye usimtukane, hata akistahili.