Usifute Safari: Kujilinda na Kuiwajibisha Kampuni ya Teksi Mtandao

Abiria anayeshuka usiku kwenye stesheni ya SGR jijini Dodoma na kuita teksi mtandao ya kumfikisha Ilazo au Nkuhungu anaweza kuambiwa na dereva, hata kabla hajafunga mlango, "Dada, futa hiyo safari, tutamalizana mkononi." Mara nyingi dereva anakwepa kamisheni tu, lakini ukikubali, unafuta kwa kidole chako kumbukumbu ya nani alikubeba, kutoka wapi na saa ngapi, na siku ya shari kampuni itasema haikuwa na safari yoyote. Kataa kwa upole, la sivyo shuka.

Kabla ya kupanda, linganisha namba ya gari na ile iliyo kwenye simu, kisha mwulize dereva amekuja kumchukua nani badala ya kumtajia jina lako. Kaa kiti cha nyuma, na mtumie ndugu kiungo cha safari.

Likitokea shambulio la kingono, fika kwanza mahali salama, kisha piga 112. Usioge wala usifue. Nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa wa plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, kwa hiyo usisubiri kupambazuke ndipo uende hospitali. Kwenye kituo cha polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, upewe PF3, fomu ya polisi ya kupeleka hospitali.

Kampuni nayo isiachwe. Piga picha za skrini za safari nzima kabla ya kuwasiliana nayo, halafu lalamika kwa maandishi, kwa sababu simu ya huduma kwa wateja haiachi alama mkononi mwako. Taja tarehe, saa na namba ya gari. Dai kumbukumbu zihifadhiwe, dereva asimamishwe uchunguzi ukiendelea, na upewe namba ya malalamiko. Nakala ipeleke LATRA, inayosimamia usafiri huu. Kampuni hizi zinajua kuhesabu: mwaka 2019 Uber yenyewe ilitangaza kupokea taarifa 5,981 za mashambulizi ya kingono katika safari za Marekani za 2017 na 2018. Lako nalo lihesabiwe.

Wakikurudishia nauli, ipokee ukipenda, ila usitie saini karatasi yoyote inayosema mmemalizana kabla mwanasheria hajaisoma.