Tumia zile Jumapili tatu

Unaandika hadithi ya mapenzi ya vijana wa kanisani, tuseme Masasi au Ndanda, kule Mtwara? Usiwatie mahubiri mdomoni. Wape uamuzi unaowagharimu. Kijana kapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, karani kakosea na kumwandikia kilo za ziada, na mahari haijatimia. Afanyeje? Na mchumba wake akijua? Hapo imani inaonekana bila kunukuu aya hata moja. Hata kwenye Biblia, Ruthu na Boazi walikutana shambani, wakati wa mavuno ya shayiri!

Kisha litumie tangazo la ndoa, lile la Jumapili tatu kuuliza kama kuna mwenye pingamizi. Siri ya zile kilo za ziada ibane humo. Mimi huomba kabla ya kuandika; mhusika si lazima aombe kila ukurasa.